Aliyepewa Namba Moja

Msimu ule mvua ilipokawia kisha ikaja yote kwa mkupuo, sikuweza kukaa kitako popote. Nikiwa ofisini Homa Bay niliwaza hospitali. Nikiwa hospitalini niliwaza boma letu kule Migori, na simu ikitulia mfukoni niliitoa kuangalia kama imezimika. Kutulia sijui hata siku za kawaida. Mama mkubwa husema nilizaliwa mama yangu akiwa njiani kwenda mtoni, na kwamba ndiyo maana hadi leo sijafika.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati ufukweni, nje kidogo ya mji, mali ya ushirika wa wafugaji wa samaki. Ngege wetu hukaa ziwani ndani ya vizimba, yaani nyavu zilizofungwa kwenye fremu za vyuma zinazoelea. Ziwa lina tabia zake. Kuna siku maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu bila kubisha hodi, na samaki aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo vizimbani kuna vipimo vinavyopima hewa ya majini na kutuma hesabu kwenye kompyuta niliyokuwa nikiitunza. Hewa ikishuka, programu moja ndogo hutuma ujumbe kwa walinzi na kwangu, ili mashine za kupuliza hewa ziwashwe upesi. Programu hiyo tuliiita kengele.

Kengele niliikuta. Iliandikwa na mwanafunzi aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi kabla yangu, akaondoka, na namba yake ya simu ikaacha kupatikana. Aliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta yenye jina la chatu. Kwetu chatu akionekana shambani watu hawamuui. Husema ameleta mvua njema. Shida ni kwamba lugha hizi huzeeka. Watengenezaji hutoa toleo jipya na kuliacha la zamani lijitunze lenyewe, na programu iliyoandikwa kwa la zamani si lazima ielewane na jipya. Ikisomwa na toleo lisilo lake hufika kwenye mstari mmoja usioeleweka, ikaanguka hapo hapo. Kengele ilijua toleo la pili tu, lile ambalo walimwengu walikwisha kuliaga. Hata kifaa chenye laini ya simu kilichotuma ujumbe kilielewana na toleo hilo peke yake.

Kisha wenye vizimba wakataka kitu kipya. Walitaka kuona hali ya maji kwenye simu zao, kwa michoro na rangi, bila kusubiri kupigiwa. Programu hiyo niliiandika kwa furaha, kwa toleo la tatu, na ikabidi matoleo yote mawili yakae ndani ya kompyuta moja. Meneja wetu, Mkuria wa upande wa Kehancha asiyejua kubembeleza maneno, hakuona haja.

"Hii ya zamani tunaishikilia ya nini?" aliniuliza. "Toa tu, weka mpya, tusonge. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

Nilimjibu kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Akacheka, akaenda zake. Ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa upande wake. Mimi ni mtu wa vipya. Kitu kikizeeka mkononi mwangu huniwasha, na toleo lile lilikuwa likiniwasha tangu siku niliyoajiriwa. Niliwahi kujaribu kuyaweka yote mawili mara moja hapo awali, nikiwa na haraka zangu, na vifaa vya moja vikaingia kwenye sehemu ya lingine hadi nikashindwa kujua kipi ni cha nani. Siku hiyo nilifuta yote nikarudi mwanzo. Kengele niliiacha ilipokuwa kwa ajili ya samaki tu.

Kwetu lakini habari ya wawili mahali pamoja haikuwa ngeni. Marehemu baba alioa wake wawili. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi kwa Kijaluo, inatazama lango la boma; ya mke wa pili iko kando yake. Kila mmoja ana jiko lake, ghala lake na shamba lake, na hakuna anayechukua chungu cha mwenzake bila kuomba. Jambo moja tu linawafunga pamoja. Mvua ya masika ikianza, mikayi ndiye anayetoa mbegu nyumbani mwake na kuzitia ardhini kwanza. Akishapanda yeye, mwenzake anapanda, kisha boma zima. Baba alipofariki nilidhani utaratibu huo ungelegea, lakini uliendelea kana kwamba yupo ndani anasikiliza.

Mimi nilizaliwa nyumba ya pili na kulelewa nyumba ya kwanza. Mama mkubwa, yaani huyo mikayi, hakujaliwa mtoto. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kulala kwake ili asikae peke yake, nimchotee maji na kumwashia moto, na sikurudishwa. Hakuna aliyelitangaza jambo hilo, wala hakuna aliyeulizwa. Zilikuwa hatua chache tu kutoka mlango hadi mlango.

Mama mdogo, ndivyo ninavyomwita aliyenizaa, hakulalamika hata siku moja nikisikia. Ila alikuwa na swali lake. Kila nilipofika likizo, na baadaye kila nilipotoka kazini, kabla sijaingia popote nilipita kwake, na baada ya salamu na chai aliniuliza, "Utalala wapi?" Nami kila mara nilijibu, "Kule," nikionyesha nyumba ya mama mkubwa kwa kidevu. Aliitikia kwa kichwa, na safari iliyofuata akaliuliza tena. Nilikula mara mbili kila nilipokwenda nyumbani, chakula cha nyumba mbili, na bado nilirudi Homa Bay kama mtu ambaye hajashiba.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Mama mkubwa akimtaja mama mdogo mbele yangu alisema "mama yako": mpelekee mama yako chumvi, nenda ukamwone mama yako anakohoa. Mama mdogo hakuwahi kurudisha. Kwake mwenzake alikuwa "mke mwenzangu", au "mwenye boma", na siku za hasira "yule". Nililijua hilo tangu utotoni na nikazoea kulipita kimya kimya.

Masika yale mama mkubwa alikuwa kwangu Homa Bay. Sukari ilikuwa imemtoboa mguu, kidonda kikakataa kupona, na daktari wa hospitali ya rufaa akasema asikanyage chini wala asisafiri hadi kianze kukauka. Nilimlaza kwenye kitanda changu, mimi nikalala kwenye godoro sakafuni. Chumba changu kiko nyuma ya soko, na tangu alfajiri harufu ya omena, dagaa wa ziwani, huingia hata dirisha likifungwa. Yeye hakujali harufu wala kelele. Alikuwa na redio yake, na kila taarifa ya hali ya hewa ilipoanza alininyamazisha kwa mkono. Migori ikitajwa alijiinua kidogo, akageuza uso ukutani, na akakaa hivyo muda mrefu. Jirani yangu mmoja, akiniona nikiingia na kutoka, aliniambia ninatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sikuwa hata na nafasi ya kukasirika.

Mama mdogo alianza kupiga simu. Yeye hana mazoea ya kuomba jambo waziwazi. Simu ya kwanza alisema mvua imenyesha. Simu nyingine akasema majirani wamepanda. Kisha akasema mbegu ya mahindi aliyoinunua kwenye duka la pembejeo, ile ya kisasa inayokomaa upesi, bado iko kwenye mfuko wake, haijafunguliwa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Shamba lile ndilo linalomlisha mwaka mzima, na mahindi yasiyopata mvua za mwanzo hayabebi. Kila siku iliyopita ilikuwa ikimpunguzia chakula.

Nilimwambia apande. Nilimwambia kwa ukali, maana nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya dawa na mtu nyuma yangu alikuwa akinisukuma. Nilimkumbusha kwamba yeye ni Msabato, kwamba kanisani kwake mila hizi hukemewa, na kwamba hata baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, amemruhusu aendelee bila kumngoja mgonjwa.

"Ukipanda kabla ya mwenye boma, na yeye yu hai, umemzika," alisema. "Mimi simziki mtu."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilikata simu nikiwa na hasira naye, na hasira na mama mkubwa kwa mguu wake, na hasira na mvua. Nilitaka mtu mmoja tu kati yao asogee.

Ni katika siku hizo nilipoweka toleo la tatu kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ni fupi. Matoleo mawili yakikaa pamoja, mashine inataka kujua kitu kimoja: programu ikiita jina la lugha bila kutaja toleo, liitike lipi? Unaandika amri, unalipatia kila toleo namba ya daraja, basi. Mama mkubwa alikuwa akinisubiri nimpeleke kusafishwa kidonda, na simu ya Migori ilikuwa imelia tena nikaiacha. Mkono haukusita. La zamani nikalipatia namba moja, kwa kuwa ndilo la kwanza na kengele inalitegemea, na jipya nikalipatia namba mbili. Kwetu wa kwanza ni wa kwanza. Hata mtoto mdogo anajua maji ya kunawa yaanzie kwa nani. Sikuona cha kufikiria hapo.

Programu mpya niliijaribu. Michoro ikatokea, ya kijani na ya samawati, ikipanda na kushuka, na meneja akawaita wenye vizimba waje kuona. Kengele sikuijaribu. Ilikuwa kimya, na kengele ya hatari ikiwa kimya mtu hudhani mambo ni mazuri. Nikafunga mlango, nikakimbia.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye benchi la hospitali, mguu wa mama mkubwa ukiwa juu ya mapaja yangu, simu ilipolia. Alikuwa mlinzi wa vizimba, mzee wa Mfangano, mtu mpole ambaye siku hiyo hakusalimia.

"Kengele yako imelala?" aliuliza. "Samaki wanapumulia juu ya maji."

Niliushusha mguu wa mama mkubwa taratibu, nikamwachia mkoba wangu, nikamwambia nimeitwa. Nilipofika ufukweni mashine za kupuliza hewa zilikuwa zimewashwa, na boti zilikuwa zikizunguka vizimba kwa kasi ili kuyavuruga maji yashike hewa. Ngege walijaa juu, midomo wazi. Kizimba cha mwisho, kilicho mbali zaidi, kilikuwa kimekwisha. Samaki wake walielea ubavu, matumbo meupe. Hakuna aliyenigombeza. Meneja alisimama mikono nyuma akiangalia upande ule, na ningefurahi kama angenitukana. Safari hii hasira yangu yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Ilipoonekana kwamba vizimba vingine vitapona, niliingia ofisini. Kengele ilikuwa ikiamka kila mara kama kawaida yake, na kila ilipoamka ilianguka. Toleo jipya ndilo lililokuwa likiitika jina, likifika kwenye mstari lisiouelewa, na kuishia hapo. Kosa lile lile lilikuwa limeandikwa tena na tena kwenye faili ambalo hakuna mtu anayelifungua. Nikayatafuta maelezo ya ile amri ya namba, yale ambayo kila mtu huyaruka. Yalisema toleo lenye namba kubwa ndilo linalotangulia. Moja lilikuwa daraja la chini. Nilidhani nimemweka mikayi mbele ya lango, kumbe nimemketisha nyuma ya jiko.

Nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na raha, kisha nikalia kidogo. Iliniuma zaidi kwa kuwa mara hii moja sikuwa nimelidharau la zamani. Nilikuwa nimeliheshimu kwa desturi ya kwetu, na mashine haikujua desturi ya kwetu.

Ningeweza kubadilisha namba tu, ikaisha. Lakini nilikuwa nimechoshwa na habari ya nani atangulie. Nilirudisha kila kitu kama nilivyokikuta, maana yale ambayo kompyuta yenyewe inayategemea hayachezewi. Kisha nikajenga vyumba viwili, kila programu na chumba chake: toleo lake na vifaa vyake vyote ndani, visichanganyike na vya jirani. Kengele nikaiandikia njia nzima ya kulifikia toleo lake, kutoka mlango wa nje hadi jikoni, ili isiite tena jina tupu na kuitikiwa na mwingine. Nikaongeza jambo moja. Kila alasiri kengele ingenitumia ujumbe wa neno moja, "Nipo", kwa sababu kimya nilikuwa sikiamini tena.

Mwisho nilichemsha maji, nikayaacha yapoe kwenye ndoo bila kuyatikisa, kwa kuwa maji yaliyochemshwa hayabaki na hewa ya kutosha, nikatumbukiza kipimo. Simu ya mlinzi ikalia, na yangu ikalia. Mlinzi aliitazama yake, akasema afadhali, akarudi kwenye boti.

Mama mkubwa nilimkuta kwenye benchi lile lile, kidonda kimekwisha kufungwa, anakunywa chai aliyonunuliwa na mgonjwa asiyemjua. Nilimwomba radhi. Hakutaka radhi, alitaka habari. Nikamweleza kwa Kijaluo chetu yale matoleo mawili, na namba nilizoyapa, na samaki waliokufa. Alisikiliza kwa makini.

"Kwa hiyo kwenye mashine yako mdogo ndiye anayetangulia," alisema.

Nikamwambia ndiyo, akipewa namba kubwa.

"Na umeitengenezaje?"

Nikamwambia kwamba sasa hakuna tena kuita ovyo. Kila kazi inamwita wa kwake, kwa jina lake lote, na huyo ndiye anayeitika.

Alikunywa chai hadi ikaisha. Kisha akafungua fundo kwenye pembe ya leso yake, akatoa ufunguo wa nyumba, akaniwekea kiganjani.

"Basi mimi nakuita wewe," alisema. "Mbegu ziko juu ya jiko. Nenda ukazitoe."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Kutoa mbegu kwa niaba ya mikayi ni kazi ya mtu wa nyumba yake. Mimi ni binti, sijaolewa, na kwetu binti huhesabiwa mpita njia. Baba mdogo angekuwa na la kusema, na wengine baada yake. Nilimtajia hayo yote. Alisema baba mdogo na aseme, mvua haimsikilizi yeye.

Lakini hilo silo lililonitisha. Nikipanda mbegu zile mbele ya watu nitakuwa nimetamka mimi ni mtoto wa nyumba ipi. Swali ambalo mama mdogo alikuwa akiniuliza miaka yote lingejibiwa mchana, yeye akitazama. Jibu la "kule" lilikuwa rahisi kwa sababu lilikuwa la usiku mmoja tu, na kila safari aliweza kutumaini kwamba safari ijayo lingekuwa tofauti. Nisipokwenda, angekosa mavuno. Nikienda, angenikosa mimi.

"Na mama?" niliuliza.

"Mama yako mpigie," alisema. "Yeye ndiye mwenye kusema."

Nilimpigia pale pale, nikitembea huku na huko mbele ya dirisha la dawa. Nilimweleza kwamba mwenye boma hawezi kuja na kwamba amenipa ufunguo. Nilimwambia kama hataki, tutatafuta njia nyingine, ingawa sikuijua njia hiyo. Nilisikia kuku wa kwake wakilia, na mvua ikigonga mabati. Nilisubiri nikiwa na hofu ya majibu yote mawili.

"Njoo kabla ya Sabato," alisema.

Nilifika Ijumaa mchana. Udongo wetu mweusi ulikuwa umelowa na kunata, na mashamba ya majirani yalikuwa yamekwisha kuota, mistari ya kijani pande zote, katikati boma letu likiwa tupu. Safari hii hakukuwa na chai. Mama mdogo alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba lake, jembe begani, mfuko wa mbegu mkononi. Tulisalimiana kwa mbali. Baba mdogo alikuwa kwenye ua. Alinieleza kwamba tangu azaliwe hajaona binti akifungulia boma masika, akaangalia wingu lililokuwa likija kutoka upande wa Tanzania, akanipisha.

Nikafungua nyumba ya mama mkubwa. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya moshi wa zamani. Juu ya jiko mbegu zake zilining'inia kama kila mwaka, mahindi ya kienyeji na mashuke ya mtama, nyeusi kwa masizi. Yeye hajawahi kununua mbegu dukani. Nikiwa mtoto nilimwinulia mikono kupokea mashuke yale, akiyashusha moja moja, na sikuwahi kuyashusha mwenyewe. Nilipanda juu ya kigoda, nikazitoa, nikauacha mlango wazi.

Shamba lake na la mama mdogo hutenganishwa na njia ya miguu tu. Nilianza kupanda. Haraka yangu yote ilinijia mikononi. Nilitaka kumwaga mbegu niondoke. Lakini udongo ule haukimbizwi, unashika jembe na mguu, na kidogo kidogo ukanilazimisha kwenda kwa mwendo wa mama mkubwa, shimo, mbegu, mguu, shimo. Simu ikatikisika mfukoni. Nikaitoa kwa vidole vya matope: Nipo. Nikairudisha, nikaendelea.

Nilipomaliza mistari michache, inayotosha kwa desturi, niliinuka. Mama mdogo alikuwa hajasogea. Aliitazama mikono yangu iliyojaa masizi na udongo, kisha akanitazama usoni.

"Mama yako amepanda?" aliuliza.

Neno hilo nililisubiri utoto wangu wote, na lilipokuja nilitamani alirudishe mdomoni. Nyuma yangu ile nyumba ilikuwa wazi.

"Amepanda," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, akainama, akachimba shimo lake la kwanza. Nilivuka njia nikaupokea mfuko wa mbegu. Tulipanda pamoja, yeye akichimba, mimi nikidondosha na kufukia, hadi jua lilipokaribia kuzama na akasema yatosha, Sabato inaingia. Tulinawa. Alinipa chai nyumbani kwake, nami nikakaa kitako kwenye kiti karibu na mlango, kikombe mkononi, nikisubiri. Hakuniuliza nitalala wapi.